Kwa mjukuu wangu anayetaka kununua jumbo

Mjukuu wangu, pamoja na wenzako wawili mnaoshirikiana,

Makaratasi mliyoniachia nimeyasoma yote, hata zile kurasa za hesabu mlizodhani nitaziruka. Mambo ya nyumba na shamba la Muheza nimeshayaandika, yako kwa mama yako mkubwa. Huu ni wosia wa kazi. Katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyewahi kuniuliza injini ya ndege inafunguliwaje, kwa hiyo unakuangukia wewe, utake usitake.

Nimeelewa mnachotaka. Mmeipata jumbo, Boeing 747-400, iliyoegeshwa jangwani tangu korona, umri wake unakuzidi wewe, na bei yake imewanyima usingizi kwa furaha. Mnataka kuipaka rangi, muipe jina, muanze nayo safari za Dar es Salaam hadi Guangzhou: wafanyabiashara wa Kariakoo juu, mizigo yao chini. Mtaanza na hiyo moja. "Nyingine zitafuata," mmeandika ukurasa wa nne. Ni maneno hayo mawili yaliyonifanya nichukue kalamu.

Kwanza niwatoe hofu ambayo watu watawatia. Watawaambia ndege kuukuu ni jeneza. Si kweli. Mimi nimekaa chini ya matumbo ya ndege tangu nilipokuwa kijana Embakasi, enzi za East African Airways, na baada ya shirika lile kufa mwaka 1977 tukarudi kila mtu kwao, mimi nikaendelea hapa Dar. Ndege ya miaka 30 iliyotunzwa naipanda na wajukuu zangu. Ya miaka 8 iliyopita mikononi mwa wavivu, siipandi hata kwa tiketi ya bure. Pale New York palikuwa na shirika likiitwa Tower Air, lilianza mwaka 1983 na kuendesha jumbo za mkono wa pili, tatu, hata nne, likadumu hadi mwaka 2000. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Kinachoua katika ndege ya zamani ni jambo lililofanywa zamani na mtu ambaye hayupo tena wa kuulizwa. Tarehe 12 Agosti 1985 jumbo ya Japan Airlines iligonga mlima, wakafa watu 520. Miaka saba kabla, ndege ile ilikuwa imesugua mkia kwenye lami ikitua Osaka, na mafundi waliotengeneza ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani walifunga bamba la kuungia vibaya, mzigo uliopaswa kubebwa na safu mbili za ribiti ukabebwa na moja. Ikaruka hivyo miaka saba. Nyingine ilikuwa ya China Airlines. Ilisugua mkia Hong Kong mwaka 1980. Badala ya kulikata bamba lililokwaruzika, wakalifunika kiraka juu ya mikwaruzo. Miaka 22 nyufa zikatembea chini ya kiraka, mpaka tarehe 25 Mei 2002 ndege ikapasukia angani juu ya Mlango wa Taiwan, watu 225. Na hili ndilo linalowahusu nyinyi: ndege ile ilikuwa imeshapata mnunuzi. Kulikuwa na shirika linaisubiri, kama nyinyi mnavyoisubiri yenu.

Kwa hiyo mkifika huko jangwani msianze na viti wala skrini. Ombeni makabati ya kumbukumbu. Kila kifaa chenye ukomo wa maisha, kuanzia diski za injini hadi miguu ya magurudumu, lazima kiwe na karatasi zinazorudi nyuma hadi siku kilipotoka kiwandani. Pakikosekana kipande cha miaka miwili katikati, kifaa hicho mbele ya mkaguzi ni chuma chakavu, hata king'ae vipi. Ulizeni kila kiraka kiliwekwa lini, na nani, kwa mchoro upi.

Halafu vaeni ovaroli. Anzieni chooni na chini ya majiko, maana huko ndiko maji, soda na mikojo huvuja miaka nenda rudi, na kutu hukaa chini ya zulia pasipoonekana. Inueni zulia. Kisha nendeni nje na tochi. Msiimulike ndege usoni. Ilazeni tochi ubavuni mwa bamba, mwanga uteleze juu ya chuma, ndipo mtaona mbonyeo na uvimbe. Mtazame ribiti moja moja. Ribiti iliyolegea hucheza kidogo kidogo kila ndege inapojaa hewa na kuishiwa, inajisaga, na unga mweusi hutoka ukachora mstari kuelekea nyuma, upande upepo unakokwenda. Sisi tulikuwa tunasema ribiti inavuta sigara. Moja inayovuta sigara ni kazi ya asubuhi moja. Safu nzima inayovuta sigara, kunjeni makaratasi, mrudi nyumbani, na wala msimwambie muuzaji kwa nini, atakwenda kuifuta kwa kitambaa.

Hayo yote yanatibika. Fundi mzuri na pesa vikiwepo, uzee unatibika. Kinachonitisha katika karatasi zenu ni upweke wa ndege hiyo.

Nitawapa mfano mmoja wa mtaani, halafu basi. Daladala ikikata klachi Manzese, abiria wanashuka, wanadai nauli yao kwa konda, wanapanda ya nyuma. Jumbo yenu ikikata kitu Guangzhou, ya nyuma iko wapi? Mna watu mia nne wamekaa na mabegi yao huko, na wengine mia nne wako hapa uwanja wa Julius Nyerere wanasubiri ndege ileile. Watu mia nane kwa pampu moja ya haidroliki. Hoteli zao ni juu yenu, chakula ni juu yenu, spea inatafutwa dunia nzima usiku, na anayeiuza anajua kwa sauti yenu tu kwamba mmebanwa.

Mnadhani nawatisha? Tazameni wakubwa wenyewe. Jumbo ya kwanza kabisa duniani kubeba abiria ilikuwa ya Pan Am, New York kwenda London. Ilipangwa kuondoka jioni ya tarehe 21 Januari 1970. Ndege ilikuwa mpya. Injini moja ikapandisha joto. Abiria wakashushwa, wakakaa, wakala, na ilipokaribia saa nane za usiku wakaondoka kwa jumbo nyingine iliyopewa jina la ile ya kwanza. Dunia inakumbuka sherehe. Mimi ninachokumbuka ni kwamba Pan Am walikuwa na jumbo ya pili ya kuvuta kutoka kwenye maegesho. Wangekuwa nyinyi, historia ya usafiri wa anga ingeanza siku nyingine.

Najua utanitajia Richard Branson, umemtaja mara mbili katika karatasi zako. Haya, tumzungumze. Mwaka 1984 alianzisha Virgin Atlantic kwa 747 moja iliyowahi kuruka na Aerolíneas Argentinas, na tarehe 22 Juni ikaondoka Gatwick kwenda Newark. Moja, ya mkono wa pili, ikafaulu. Lakini soma na yale yasiyo kwenye mabango. Katika safari ya majaribio, siku chache kabla ya uzinduzi, ndege wa porini waliingia kwenye injini ikaharibika, na hasara ikawa kama paundi 600,000, benki yake ikawa inamkodolea macho. Alipona kwa sababu nyuma yake palikuwa na kampuni ya muziki inayoingiza pesa kila siku. Na zaidi, ile ndege hakuinunua. Alikubaliana na Boeing kwamba mambo yakimshinda baada ya mwaka mmoja, anaweza kuirudisha. Kabla hajafungua mlango wa kuingilia alishajenga wa kutokea. Karatasi zenu zina kurasa 38 na mlango wa kutokea haumo.

Waliokosa mlango huo ni wengi. Hong Kong, mwaka 2006, mchungaji mmoja na mkewe walizindua safari za Oasis Hong Kong Airlines kwa jumbo zilizotumika, nauli ya kwenda London ikianzia dola 1,000 za Hong Kong, kitu ambacho hakikuwahi kusikika. Siku ya safari ya kwanza, Oktoba 25, abiria wameshapanda, Urusi ikaondoa ruhusa ya kupita anga yake. Wakaondoka kesho yake. Ndege ilikuwa nzima, marubani wazima, tatizo ni karatasi ya nchi ambayo hawakuwa hata wakienda. Tarehe 9 Aprili 2008 shirika likafunga, watu wakaachwa na tiketi mkononi. Nyinyi je, kati ya Dar na Guangzhou mtapita anga za nani, na ruhusa za nani mnazo? Sikuziona.

Na alikuwepo Igor Dmitrowsky, Mmarekani mzaliwa wa Riga, aliyeanzisha Baltia Air Lines mwaka 1989. Ndoto ilikuwa New York hadi Saint Petersburg kwa 747-200. Alikusanya mtaji kwa kuuzia wananchi hisa za bei ndogo kabisa, mwaka baada ya mwaka. Ndege ikapatikana, ikapakwa rangi, ikakaa Willow Run, Michigan. Cheti cha uendeshaji ndicho hakikuja. Mamlaka hutaka kuona miongozo, mafunzo, mafundi, marubani na safari za majaribio zisizo na abiria wa kulipa, na yote hayo yanakula pesa kabla nauli ya kwanza haijaingia. Ukiishiwa katikati, mafundi wanaondoka. Wakiondoka, mkaguzi anasema rudieni. Miaka zaidi ya 25 ilipita hivyo. Hakuna abiria hata mmoja aliyewahi kulipa nauli akapanda Baltia.

Karibuni kabisa, Mei 2025, kijana Mwingereza James Asquith aliipeleka Airbus A380 yake, iliyokuwa ya China Southern, kutoka Glasgow na kutoka Manchester hadi New York, chini ya jina la Global Airlines. Nilikuonyesha mimi mwenyewe picha zake. Ilibidi airushe chini ya cheti cha kampuni nyingine, Hi Fly Malta. Na safari ya kwanza kutoka Glasgow ilibeba watu wasiofika mia katika dude lenye viti mia tano hivi. Simcheki. Amefika mbali kuliko wengi. Ila piga hesabu ya mafuta ya siku ile.

Lakini kisa ambacho nataka mkijue vizuri ni chetu wenyewe, na nashangaa hamkukitaja, maana nyinyi si wa kwanza kuileta jumbo Dar.

Mwaka 1976 South African Airways ilipokea 747SP, jumbo iliyofupishwa kwa kama mita 14 ili iwe nyepesi na iende mbali. Ziliundwa 45 tu duniani, Afrika Kusini ikachukua sita. Kwa nini? Kwa sababu yetu. Tangu 1963 nchi huru za Afrika zilikuwa zimewafungia Makaburu anga, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Kamati ya Ukombozi ilikaa hapahapa Dar es Salaam. Ndege zao zikienda Ulaya zilizunguka bara lote upande wa magharibi, juu ya bahari, zikinywa mafuta Ilha do Sal. SP ilikuwa dawa ya kuzunguka bila kutua. Ile ya kwanza ililetwa kutoka kiwandani, jimbo la Washington, moja kwa moja hadi Cape Town, kilomita 16,560, saa 17 na dakika 22. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya miaka kumi. Sisi mafundi wa upande huu tuliisoma habari ile kwa uchungu na, nisiwafiche, kwa wivu wa kitaaluma.

Ubaguzi ukaanguka. Mwaka 1995 Tanzania, Uganda na South African Airways wakaungana kuanzisha Alliance Air, makao Entebbe, kuunganisha Dar na Entebbe na London, Dubai na Bombay. Ndege waliyoanza nayo? 747SP ya Afrika Kusini. Chuma kilekile kilichonunuliwa ili kisipite juu ya vichwa vyetu, sasa kinatua Dar kuchukua Watanzania. Niliposimama chini ya bawa lake nilicheka peke yangu hadi kijana mmoja akadhani nimeugua. Mwalimu Nyerere alikuwa hai bado, na sijui alilionaje.

Ilikuwa fikra nzuri kuliko yenu, nasema kweli. Njia zilikuwepo, abiria walikuwepo, na nyuma yake palikuwa na shirika kubwa lenye mahanga, spea na marubani. Hata hivyo jumbo ilikuwa kubwa mno kwa soko letu la wakati ule. Injini nne zilikunywa mafuta uwe umebeba mia tatu au hamsini, na kila kitu kilitegemea mwenzako mmoja aliye mbali. Baadaye wakahamia Boeing 767, injini mbili, ndogo zaidi. Deni lilikuwa limeshajikusanya. Oktoba 2000 ikafungwa. Mwaka uliofuata Uganda Airlines ya zamani nayo ikafilisiwa, na ikachukua hadi 2019 Uganda kuinua nyingine. Mtu akiwaambia Waafrika Mashariki hatuwezi kuendesha ndege, mkatalieni. East African Airways iliendesha Super VC10 hadi London na kuzihudumia yenyewe Embakasi. Lakini ilikuwa nazo kadhaa. Tower Air niliyowataja pale juu ilikuwa na zaidi ya kumi. Moja ikilala, nyingine inaamka, na ile iliyokufa kabisa inatoa spea za kuwalisha ndugu zake.

Sasa hesabu zenu. Mmeweka bei ya ndege kama ndiyo gharama kubwa. Ndiyo ndogo kuliko zote. Imeuzwa rahisi kwa sababu British Airways, KLM na Qantas zilizitoa zao zote za abiria mwaka 2020, na wanaonunua siku hizi wananunua injini nne, kiwiliwili ni cha kukatwa. Itakunywa mafuta zaidi ya tani 10 kwa saa. Ukaguzi mkubwa, ule wa kuivua ndege nguo zote mpaka mbavu zionekane, unaweza kupita bei mliyoinunulia, na kama umekaribia ndiyo sababu muuzaji anatabasamu. Ulizeni tarehe yake kabla ya swali lolote la bei. Mtahitaji injini ya akiba, hamkuiandika. Mtahitaji wahandisi wenye leseni ya aina hiyo ya ndege, na Tanzania hii sidhani kama mtajaza nao Hiace. Mishahara yao mmeiweka chini ya bajeti ya matangazo. Hapo nilivua miwani.

Mhandisi akisaini kitabu cha ndege, ameweka jina lake kati ya chuma na watu mia nne. Mnamlipa ili awe na ubavu wa kukataa kusaini. Niliwahi kufanya kazi mahali, sitapataja, ambapo meneja alikuja hangani na suti yake saa tisa usiku kuuliza kwa nini ndege haijatoka. Mwenzangu alimpa kalamu, akamwambia, "Saini wewe, bosi." Meneja alirudi kulala. Mtu kama yule mwenzangu mtafuteni, mlipeni kuliko mkurugenzi wa masoko, na siku atakayowakatalia msimchukie.

Mkinisikiliza, fanyeni hivi. Acheni jumbo. Anzeni kwa kukodi ndege yenye marubani na mafundi wake kutoka kwa mwenye cheti, ndogo, ya injini mbili, miezi michache, mjue kama hao wafanyabiashara wa Kariakoo kweli wataiacha Ethiopian Airlines kwa ajili yenu au ni maneno ya kahawa. Pengine mtagundua kinachotaka kusafiri ni mizigo kuliko watu, na hapo mahesabu yanabadilika kabisa, maana katoni haidai hoteli. Nendeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga mkaulize hatua 5 za cheti kabla ya kupaka rangi chochote. Na pesa ya tiketi wekeni akaunti ya peke yake, isiguswe mpaka abiria ametua. Pesa ya mama ntilie aliyekusanya miaka ili akalete vyombo China si mtaji wenu. Mkiigusa, mimi si babu yenu.

Mkishindwa kunisikiliza, na najua damu ya ukoo huu, basi nunueni mbili. Mkiwa na pesa ya moja tu, hamna pesa ya hata moja.

Tochi yangu, kioo cha kuchungulia na madaftari yangu matatu ni vyako. Daftari la kijani lina michoro ya sehemu za 747 ambazo kutu hupenda. Niliikusanya kwa wenzangu wa huko na huko, daftari hilo lisiazimwe. Kabla ya kulipa amana yoyote mwandikieni muuzaji awatumie ukurasa wa ukaguzi mkubwa wa mwisho, wenye tarehe, saa za kuruka na saini, na muulete hapa niusome. Njooni Jumamosi, Ijumaa nina kliniki.

Babu yako